Kazi ya Kutabasamu Kariakoo

Miaka ya hamsini, meli za abiria zilipokuwa zikitia nanga, bwana mmoja mwenye ofisi karibu na Posta alituajiri wawili tuwatembeze watalii mjini. Mwenzangu, kwa kuwa mwanaume, ndiye aliyekuwa kiongozi. Alivaa kofia ya kizungu na kueleza habari za majengo, nyingine za kweli. Mimi kazi yangu ilikuwa kutabasamu. Bibi akilalamikia jua, nampepea. Mzee akifoka, nambembeleza. Na kiongozi mwenyewe akinuna, maana alikuwa mwepesi wa kununa, nambembeleza naye.

Nilikuwa nimemwomba bwana uongozi. Mji niliujua wote, na nilitaka sana na mimi siku moja nisikilizwe. Akasema ataamua baada ya safari ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo tukaingia sokoni. Kiongozi alikuwa Mnyamwezi, na mama muuza ng'onda, samaki wale wa kukaushwa, alikuwa Mzaramo. Hao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe nawe huruhusiwi kukasirika. Mama akamvua kofia, akaijaza ng'onda, akamwambia akiitaka acheze ngoma. Kiongozi, kwa kuona haya mbele ya wageni, akasahau utani wote, akavimba, akatishia kuita askari. Soko zima likamcheka. Wageni wakadhani ni wizi, na bibi mmoja akaukumbatia mkoba wake akaanza kulia.

Nikakenua meno yote niliyojaliwa. Nikawaambia wageni kwamba hiyo ni heshima ya mji, hafanyiwi kila mtu. Basi wakapanga foleni wavuliwe kofia na wao. Bibi wa mkoba alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Kiongozi nikamnong'oneza acheze, asituaibishe, akacheza, vibaya.

Ofisini wageni waliisifu safari. Bwana akampongeza kiongozi kwa ubunifu wake, kisha akanigeukia akasema nijitahidi kutabasamu zaidi kidogo. Nilikasirika, lakini nilitabasamu, si ndiyo kazi.

Safari iliyofuata nilipumzisha uso. Sikununa wala sikucheka, nilitembea tu. Kufika Feri, wageni walikuwa wakimwuliza kiongozi wamenikosea nini, mke na mume wamesusiana, na mzee mmoja amekaa chini hataki kuinuka. Kiongozi alihangaika kuwabembeleza mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Tuliporudi alikwenda mwenyewe kwa bwana.

"Mpe dada uongozi," akasema. "Hii kazi yake mimi siiwezi."

Nikapewa palepale. Kwa furaha nikauliza, sasa wa kutabasamu atakuwa nani.

Bwana akanishangaa. "Si ni wewe?" akasema. "Mwanaume haiwezi, umesikia mwenyewe."