Selpha Aliyekula Krismasi Nyuma ya Pazia

Haya ninayoandika hamtayaamini, na sitamlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimekalia kiti kizuri kuliko vyote, sahani iko magotini, na bado kuna siku najiuliza kama niliona sawasawa. Lakini mjue kwamba Tobias hasemi uongo. Shule niliachia darasa la saba, na si kwamba ilinishinda. Tulishindana, tukatoka sare. Kwa hivyo nikiandika kitu, kimetokea.

Habari yenyewe ni ya dada yangu Selpha, na jinsi alivyokula Krismasi ya mwaka jana.

Selpha ukipita Ruiru umeshamwona. Ni yule mama mrefu anayetembea kama amesahau kitu kwenye moto. Alitoka kwetu Chwele, upande wa Bungoma, akiwa msichana, akamfuata mume wake Khisa aliyekuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Khisa akafariki wakati binti yao Dorine hata kufunga kamba za viatu hajajua. Watu wakamwambia Selpha arudi nyumbani. Akasema atarudi akimaliza ule mstari wa kahawa aliokuwa ameanza kuchuma. Mpaka leo hajarudi. Shamba likauzwa, kahawa ikang'olewa, maghorofa yakapandwa mahali pake, yeye akahamia chumba cha kupanga na kazi ya kufagia kiwanda cha nguo. Ukimuuliza atarudi lini, anakwambia mstari bado.

Siku za kawaida Selpha anakula kama mimi na wewe, ugali na sukuma. Krismasi ni kitu kingine. Kuku wa gredi, wale wa kisasa, hamtaki hata kwa picha. Anakwenda Githurai 45 kwa Mwas, muuza kuku, na Mwas akimwona kwa mbali anaanza kuwaonea kuku wake huruma. Selpha anashika jogoo, anampapasa kifua, anampuliza manyoya, anamwangalia machoni kama karani wa kuandikisha askari.

"Huyu mmekuwa mkimlisha nini, Mwas? Magazeti?"

"Mathe, huyo ni wa kienyeji kabisa, ametoka kwenu Bungoma."

"Basi mwambie anisalimie Kibukusu."

Akishampata anayemtaka, anamchinja, anamkausha juu ya moshi mpaka ngozi inakuwa rangi ya viatu vipya, ndipo anamchemsha taratibu. Pembeni kuna ugali wa wimbi. Na pembeni ya ugali kuna mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza, ambayo ameipanda mwenyewe kwenye magunia mlangoni. Ya sokoni anasema imechoka. Anaipikia munyu, chumvi yetu ya majivu ya mabua ya maharagwe, ambayo anaichuja kwenye mkebe uliotobolewa. Kagwe, mwenye ploti, alipoona majivu na mkebe alidhani ni uganga. Akaonjeshwa. Sasa ikifika Desemba anakuja kudai kodi na sahani mkononi.

Basi Dorine akakua, akaolewa na Wambua, kijana wa Matuu anayefanya kazi kiwanda cha chakula cha mifugo Thika. Mkamba mpole, mwenye adabu mpaka inachosha. Krismasi ya kwanza ya ndoa walikuja kwa Selpha, na siku hiyo Wambua alichukua sahani yake akaenda kula koridoni, amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa kliniki. Sisi hatukuuliza. Mnajua mambo ya wakwe. Kwetu zamani mama alikuwa hali mbele ya mume wa binti yake, na Ukambani pia wana heshima zao za namna hiyo. Kila mtu akanyamaza kwa adabu.

Kuanzia hapo Krismasi ikagawanyika. Selpha alipika Ruiru, akajaza sufuria, na mimi nikaipeleka Witeithie wanakoishi Dorine na mume wake. Firigisi ilifungwa peke yake kwenye jani la ndizi, kwa sababu firigisi ni ya mkwe, na ole wangu niiguse. Huko Witeithie, Wambua alikuwa ameamka mapema akapika muthokoi, yale mahindi ya kwao yaliyokobolewa maganda, yamechemshwa na mbaazi mpaka yakalainika. Akaosha sufuria, akaijaza muthokoi, nikairudisha Ruiru. Hivyo ndivyo mama na mkwe wake walivyoongea, kwa sufuria. Na mimi mpeleka habari nilikula huku, nikala kule. Sikuwa na haraka ya kuuliza maswali.

Mwaka jana Dorine akapiga simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Nduku, aliyepewa jina la mama yake Wambua, na mtoto alikuwa ndio kwanza ameanza kula.

"Mama, hii ni Krismasi ya kwanza ya Nduku. Nayo utamtumia kwa sufuria?"

Selpha alizima simu, akaendelea kuchambua mboga.

"Nikienda, Wambua atakula wapi?" akaniuliza. "Nimfukuze mtu kwa nyumba yake siku ya Krismasi?"

"Na usipoenda?"

"Nitakula na redio, kama kawaida."

Alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye mboga. Mimi ni mtu wa mzaha, ila hapo mzaha ulinikauka. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba nikishaondoka na ile sufuria, dada yangu alikuwa anafunga mlango na kupakua sahani moja.

Aliyepata dawa ni Dorine. "Khocha," akaniambia, maana ndivyo sisi tunavyomwita mjomba, "si kuna pazia?"

Kweli kulikuwa na pazia. Wanaishi chumba kimoja, kitanda kiko nyuma, kochi liko mbele, na katikati kuna pazia la maua mekundu. Wanawake watakula upande wa kitanda, wanaume upande wa kochi. Mkwe hatamwona mama, mama hatamwona mkwe, na wote watakuwa wamekula Krismasi nyumba moja. Selpha alifikiria siku nzima, akakubali.

Siku ya Krismasi tulifika baada ya kanisa. Wambua alisimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata.

"Karibu Mama," akaiambia balbu.

"Asante Baba Nduku," Selpha akaujibu mlango.

Akapita ubavuubavu, akaingia nyuma ya pazia, akakaa. Dorine akampa mtoto. Chakula kikaanza kupita chini ya pazia kama magendo mpakani. Firigisi ikaja kwanza, kwenye kisosi chake. Muthokoi ikaenda. Wambua hakugusa chake. Aliinamisha sikio upande wa pazia.

"Anko," akaninong'oneza, "anakula?"

"Nasikia kijiko."

"Kinasikika kama kimependa?"

Nikamwambia vijiko vya kwetu havisemi. Masikini akafuta jasho. Miaka yote alikuwa anampikia huyu mama, na hajawahi kumwona hata akitafuna.

Sasa ukaja mrenda. Siku zingine Dorine alikuwa anamwepusha mume wake na huo utelezi, anampa kabichi. Lakini leo mwenye mboga yuko hatua mbili nyuma ya kitambaa, Wambua atakataaje? Akamega ugali, akachovya, akavuta. Na mrenda wa Selpha ukivutwa unakuja. Uzi ukatoka kwenye sahani, ukafuata mkono, ukafika kidevuni, na bado mwisho wake uko kwenye sahani. Wambua akabaki nao hivyo, mdomo wazi, anageuza macho kunitafuta.

"Inua mkono," nikamwambia. "Juu zaidi. Simama, simama, utakatika wenyewe."

Akasimama. Uzi nao ukasimama.

"Tobias!" Sauti ya Selpha ikatoka kwenye maua mekundu. "Unamfundisha nini mtoto wa watu?"

"Anaendelea vizuri. Amefika darini."

"Mwambie azungushe! Azungushe mkono, halafu akate na kidole!"

"Ametaka kuzungusha, dada, uzi umemzunguka yeye. Sasa uko kwa kola. Ai! Sasa umeingia mfukoni."

"Shati la kanisa?"

"Hilohilo."

"Woi, Wambua!" akalia Dorine.

Pazia likafunguka, tena aliyelifungua ni Selpha mwenyewe, mtoto yuko mkono mmoja, tonge la ugali liko mkono wa pili, amekasirika kama mwalimu aliyesikia kelele darasani. Nafikiri alishasahau kabisa kwamba kuna pazia. Aliona tu mboga yake inateswa.

Wambua alimwona, akainamisha kichwa, akachukua sahani yake na kuanza kwenda mlangoni, uzi unamfuata.

"Unaenda wapi wewe?"

"Nakupisha, Mama."

"Unanipisha niende wapi?"

"Si desturi yenu, Mama? Mama hali mkwe akiwepo."

"Yetu? Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ile Krismasi ya kwanza, nilikaa tu, nikashika tonge, ukatoka mbio. Nikajua nimekosea, nikaenda kula nje."

Selpha akamwangalia. "Ugali wa pili ulikuwa unaungua! Nilikimbilia mwiko. Nikarudi nakuta umehamia koridoni, nikasema basi, kumbe Wakamba hawali mbele ya mama mkwe. Nikakuheshimu."

"Wakamba gani, Mama? Mama yangu anakula na wakwe zake wote, tena anawanyang'anya mifupa."

"Na hayo ya kwetu yalibaki na nyanya yangu. Mimi ni mtu wa kanisa, nakula na kila mtu."

Wote wawili wakageuka kumwangalia Dorine.

"Msiniangalie mimi," Dorine akasema. "Nilidhani ni nyinyi mmependa hivyo. Kuna mtu aliniuliza?"

Halafu wakaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na shughuli na paja la kuku.

Selpha akakaa kwenye kochi polepole. "Krismasi zote hizo," akasema, "nimekula na redio."

Wambua aliweka sahani mezani, akavuta stuli, akakaa karibu naye, bado uzi uko kwenye kola na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuutaja.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Adabu? Lete huo mkono."

Wambua akautoa. Tangu amwoe Dorine hawakuwa wamewahi kushikana hata kwa salamu. Selpha akaukamata kwenye kifundo, akaumegesha ugali, akauchovya, akauzungusha upesi kama anayefunga bomba la maji, akakata uzi na kidole gumba. Tonge likafika mdomoni likiwa safi. Wambua akatafuna. Akafikiria.

"Ni tamu," akasema, na kwa sauti yake ukajua hakutarajia.

"Ulidhani nakutumia sumu? Rudia peke yako."

Akarudia. Mara ya tatu uzi ulikatika wenyewe, Dorine akapiga makofi, na Selpha akachovya ncha ya kidole kwenye mrenda akampa Nduku. Mtoto akakunja uso, akaramba midomo, akafungua tena kinywa. Selpha akampa tena, mkwe wake amekaa pembeni anaangalia, na wala hakuna aliyetazama balbu.

Ndipo Wambua akapata ujasiri. "Na muthokoi, Mama? Ilikuwaje?"

"Kusema ukweli?"

"Ukweli."

"Chumvi ilipungua kidogo." Akamwacha ateseke, kisha akasukuma sahani yake mbele. "Ongeza."

Haya nayaandikia mlangoni kwa Selpha, yeye yuko kwenye kigoda hapa ubavuni anachuma majani ya mrenda kwenye magunia yake, na kila nikimaliza mstari ananilazimisha niusome kwa sauti. Mpaka hapa hajalalamika. Sasa nimefika mahali penyewe nilipowaambia hamtapaamini, kwa hivyo shikeni viti. Wambua akaongeza muthokoi, Selpha akamaliza. Akaongeza tena, akamaliza. Sahani ya tano, ya sita, Dorine akatumwa kwa majirani kuazima sufuria, watu wa Witeithie wakajaa dirishani kuona mama wa Bungoma anavyomaliza mahindi ya Matuu, na alipofika sahani ya kumi na mbili dada yangu akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akamwambia Wambua alete hata ile iliyogandia chini ya—

"Sahani mbili, Tobias! Mbili. Na hiyo ya pili nilikula pamoja na Baba Nduku, kwa sahani moja. Hilo mbona huandiki?"