Mkojo wa Mihayo Ulipokatika

Siku nchi ilipovamiwa nilikuwa nagombana na mgonjwa, fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo. Alikuwa ameumwaga mkojo wake kabla sijaupima.

"Sista, kwani mkojo nao una hesabu?"

Wodi nzima ikacheka. Nikamweleza: tunapima maji yanayoingia mwilini na yanayotoka, maana mkojo ukipungua ghafla, mtu yumo hatarini. Hapo ndipo redio ilipotangaza vita.

Baadaye treni ya Mwanza ikaanza kutuletea majeruhi. Mihayo alikuwa mkulima wa tumbaku wa Goweko, mgambo aliyepelekwa mstari wa mbele. Kipande cha bomu kilikuwa kimempasua utumbo. Alishonwa, akakatazwa kunywa chochote. Maji yake yote yalipita kwenye dripu.

"Nilowanishie midomo tu, dada," alinisihi kila nilipopita. Nilimlowanishia kwa pamba.

Asubuhi moja dripu zikaisha wodini. Mkojo kwenye mpira aliowekewa wa kukojolea ukapungua, ukawa mweusi kama chai ya rangi.

Nikakimbilia stoo.

Kufuli.

Mtunza stoo alikuwa ameondoka na funguo kwenda stesheni, kumpokea mgeni mkubwa. Dripu nilikuwa naziona dirishani, zimepangwa hadi darini. Nikamtuma mhudumu akamwite. Akarudi peke yake.

"Anasema tusubiri mgeni apite."

Mpira ukakauka.

Nikang'oa chuma cha kitanda, nikavunja kufuli.

Dripu ilipoanza kuingia, Mihayo alikuwa anaongea Kinyamwezi na watu wasiokuwepo. Alikata roho jioni ileile, huku barabarani watu wakimwimbia mgeni nyimbo za ushindi.

Niliitwa kwenye kikao cha wakubwa wa hospitali kujieleza kwa kuharibu mali ya umma. Mtunza stoo alikaa upande wao wa meza.

"Na mtu aliyekufa je?" niliwauliza.

"Tunazungumzia kufuli," mwenyekiti akajibu.

Mama yake Mihayo akafika kwa treni, amebeba kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli. Alikufa na kiu?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa chini sakafuni. Nikakaa kando yake.

Kwenye taarifa waliandika kwamba aliuawa na adui. Adui alimjeruhi. Aliyemuua alikuwa stesheni na funguo mfukoni, na alistaafu kwa heshima zote.