Mpika sukari guru aandika historia ya ukweni

Nyati wa kufugwa amefunikwa macho kwa vifuu viwili vya nazi. Anazunguka kinu cha miwa taratibu, hajui kama amekwenda mbali au yuko palepale. Ndani ya banda, Afdisal amesimama mbele ya karai linalotokota, mwiko mkononi.

"Subiri kwanza, usiniulize kitu," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Sukari ikianza kupanda, ukigeuza shingo tu, imeungua. Historia nayo ni hivyohivyo. Mimi niligeuza shingo mara moja, nikaunguza kijiji kizima."

Wanawake waliokaa kwenye gogo wakisubiri miwa yao ikamuliwe wanaangua kicheko. Kisa wanakijua. Kijiji kizima cha Batu Landai kinakijua.

Afdisal ana miaka hamsini na minane, lakini ukweni hakuna anayemwita kwa jina hilo. Wanamwita Sutan, cheo alichopewa na ukoo wa mama yake siku alipooa. Alihamia hapa kwa mkewe, Desnawati wa ukoo wa Koto, watoto wao wanne wakazaliwa hapa, na hapa ndipo anapopika sukari guru. Wiki ikiwa nzuri hupata rupia laki sita hivi, na sehemu yake huishia kwenye duka la fotokopi mjini.

Fotokopi ni za kitabu. Walimu wa shule ya msingi walilalamika kwamba watoto wanajua habari za wafalme wa mbali, ila hawajui nani alichimba mfereji unaomwagilia mpunga wa mama zao. Sutan, mtu wa kupenda habari za kale tangu ujana, akajitwika kazi ya kuandika historia ya kijiji. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye huo mfereji.

Mfereji wa Batu Landai si mchezo. Ukoo unaotambuliwa kuwa uliuchimba ndio unaofungua maji wakati wa kupanda, wengine husubiri zamu. Sutan alitafuta wa kumsimulia, akamwona aliye karibu: baba mkwe wake, mzee Jalinus, aliyeishi katika nyumba ya Koto zaidi ya nusu karne. Mzee alisimulia kwa moyo mmoja, bila kuongeza chumvi. Mfereji ulichimbwa na watu wa ukoo wa Payobada.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema umuulize nani.

Maana mzee Jalinus naye ni mkwe. Alikuja pale kwa kuoa, kama Sutan. Alichokisimulia ni kile alichokisikia utotoni kwa mama yake, na mama yake ni wa Payobada; huku mtoto ni wa ukoo wa mama.

Rasimu iliposomwa katika ukumbi wa mila, Datuk Rajo Basa, mkuu wa Koto na mjomba wa Desnawati, alisikiliza mpaka hapo penye mfereji, akavua miwani. Wakubwa wa Payobada walikuwa wakitabasamu. Mtu mmoja akauliza habari hizo zimetoka kwa nani. Kutoka mlangoni, wanakosimama wakwe, Sutan akasema ukweli: kwa mzee Jalinus.

"Ukumbi mzima ulicheka," anakumbuka. "Mpaka leo nikipita kwenye kibanda cha kahawa wananipigia kelele: 'Sutan! Mgeni kamuuliza mgeni njia, wote wakalala porini!'"

Nyumbani hakuna aliyecheka. Nyumba ni ya wanawake wa Koto, na mume ndani yake, kama wasemavyo huku, ni jivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, halipo. Sasa jivu lilikuwa limeandika kwamba mfereji si wa wenye nyumba. Kwa siku nyingi kahawa ya Sutan ililetwa bila sukari.

"Mimi, mpika sukari! Nikanywa chungu hivyohivyo."

"Ulitaka tukupe asali?" anadakia Desnawati kutoka kinuni. "Umetutoa kwenye mfereji wetu, halafu unauliza leo tunakula nini!"

Sutan anacheka naye, kisha anashusha sauti. Kilichomuumiza si kahawa. Watoto wake ni wa Koto, yeye si wa Koto na hatakuwa. "Nilitaka niwaachie kitu cha kwao. Badala ya kuwapa, nikawapokonya. Nililia, sikufichi."

Kitabu kingeishia hapo kama Datuk asingemwita.

"Sutan," alimwambia, "mdomo wa mkwe hausimulii mambo ya nyumba. Lakini sikio la mkwe sijasikia kama limekatazwa. Kaanze upya, na uanze kwa adabu."

Adabu huku ni tambuu ya kutafuna. Sutan alipanga majani, popoo na chokaa kwenye chombo cha shaba, akawapelekea wanawake wakubwa wa Koto, akaomba radhi. Kisha akapeleka tambuu nyingine kwa dada zake mzee Jalinus, kule Payobada, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Koto wakasema mfereji ulichimbwa na mababu zao, Payobada ndio waliowapikia wachimbaji wali. Payobada wakasema walichimba wao, Koto ndio waliopika. Sutan akarudi amechanganyikiwa kwa Bibi Rabaina, dada mkubwa wa mama mkwe wake, mwenye miaka themanini na ushee.

"Sasa niandike lipi, Bibi?"

"Yote mawili."

"Yanapingana."

"Kwani wewe na mkeo hampingani? Na mnalala chumba kimoja! Andika kila nyumba na neno lake, na jina la mwanamke aliyelisema. Anayetaka ugomvi aje kwangu."

Ndivyo kitabu kilivyobadilika. Kila sura sasa inaanza na jina la msimulizi, nyumba yake na mama aliyemzaa. Datuk aliposomewa sura za mfereji, aliuliza:

"Kwa hiyo hakuna aliyesema tulichimba peke yetu?"

"Hakuna, Mjomba. Kila nyumba inasema mwenzake alikuwepo."

Datuk akacheka, na msimu huu, kwa mara ya kwanza Sutan anayoikumbuka, watu wa nyumba zote mbili walisimama pamoja maji yalipofunguliwa.

Mzee Jalinus hana majuto. "Aliniuliza, nikamjibu ya kwetu. Angetaka ya mke wangu, si angemuuliza mke wangu?"

Baada ya mavuno kitabu kitasomwa tena ukumbini. Kikikubaliwa, kitaingia shuleni. Msomaji atakuwa binti wa Sutan, Rahmiwati, anayesomea ualimu.

"Yeye ni wa Koto kwa mama yake," anasema Sutan. "Akisema 'wazee wetu', hakuna wa kumkatiza. Mimi siku hiyo nitabeba sinia za chakula kama wakwe wengine; mkwe haketi ndani. Nikisikia sauti yake kutoka mlangoni, basi, nimeridhika."

Bibi Rabaina, aliyekaa kwenye gogo pamoja na wenzake, anatema tambuu pembeni.

"Sinia wabebe wakwe wengine, wamejaa. Wewe utakaa ndani, nyuma ya mwanao. Akikosea, kohoa."

Mwiko unasimama.

"Ndani, Bibi?"

"Umekuwa kiziwi? Ndani."