Niligandisha Swichi ya Gari kwa Mafuta ya Nazi, Nikamsingizia Mama Mkwe

Nimekosa mimi, wala msinitafutie utetezi. Gari halikuwa na kosa, ufunguo haukuwa na kosa, na mama mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, alikuwa mbali na kosa kuliko sote. Lakini ndiye niliyemtwika!

Gari lenyewe ni la marehemu baba mkwe: saluni ya zamani, nyeupe, usukani mwembamba kama bangili. Tunaishi Dunda, hapa Bagamoyo, na kila Ijumaa asubuhi humwendesha mama hadi Kaole alikozikwa mumewe. Ufunguo ni mmoja tu, na mama huufunga kwenye pindo la kanga yake. Tukifika garini analifungua fundo, ananikabidhi. Tukirudi namrudishia, anafunga tena. Tangu afiwe sijawahi kuliona fundo lile tupu.

Mwanzoni mwa mwaka swichi ikaanza kukwama. Ngoja nieleze taratibu, usije ukarudia ujinga wangu. Pale unapochomeka ufunguo, ndani mna silinda yenye vibati vidogo. Ufunguo wake ukiingia, meno yanavipanga vibati sawasawa, silinda inazunguka, gari linawaka. Vumbi likiingia, vibati vinakuwa vizito. Dawa yake ni kusafisha, basi. Mimi nikaenda kwenye meza ya vipodozi ya mke wangu!

Nikadondosha humo matone matatu ya mafuta ya nazi. Ufunguo ukateleza kama ulimi wa dalali. Nikajiona fundi! Kila wiki nikawa naongeza.

Mtu wa pwani unayesoma hapa umeshaanza kucheka, maana unajua mafuta ya nazi hufanya nini kipupwe kikiingia. Yanaganda! Nimeyaona yakiganda kwenye chupa tangu utotoni, lakini haikunipitia akilini kwamba na kwenye swichi yatafanya hivyohivyo.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, ufunguo ukaingia, ukakataa kuzunguka. Mama amekaa kiti cha mbele, baibui limenyooka, anasubiri kwenda kwa mumewe. Nikaona aibu. Nikamwomba apumzike ndani kidogo, nikaleta bisibisi na nyundo. Nikapiga! Silinda ikapasuka.

Mama akarudi mbio. "Kulikoni, mwanangu?"

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. "Ufunguo umeliwa na chumvi, mama. Lile jasho la kwenye kanga, unajua..."

Aliupokea ufunguo wake, akaingia ndani.

Nikatafuta swichi nyingine inayolingana, yenye ufunguo wake. Milango ilikuwa wazi tangu Ijumaa; nikachomoa waya wa betri, nikafungua kava la chini ya usukani, nikabadilisha silinda mwenyewe. Jumatano gari likawaka kwa ufunguo mpya, nikapiga honi kwa furaha! Mke wangu akatoka, uso mzito.

"Unashangilia nini, baba watoto?"

"Gari limepona!"

"Mama hajapona. Ufunguo kaufunika kwenye kitambaa, kautia sandukuni. Anasema kitu alichoachiwa mkononi, amekiua kwa jasho lake."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze na honi yangu.

Nikakimbiza ile silinda iliyopasuka kwa fundi vitasa, labda atanusuru kitu. Akainusa.

"Shehe, hii swichi au kalimati?"

"Mafuta kidogo tu, fundi."

"Ya nazi?"

Nikaanza kuhesabu vitasa vilivyoning'inia ukutani.

"Asubuhi ya baridi?"

Nikaendelea kuhesabu.

"Ungesubiri jua la saa nne lipige kioo, yangeyeyuka yenyewe! Na hata kama ulitaka kubadilisha, ungeniletea nzima. Ningehamishia vibati vyake kwenye silinda mpya, na ufunguo wa mama ungeendelea na kazi. Sasa umeviponda, nihamishe nini?"

Nilirudi nyumbani moja kwa moja, nikapiga magoti mkekani kwa mama.

"Mama, si jasho lako. Ni mimi. Nilitia mafuta ya nazi, nikavunja kwa nyundo, kisha nikakusingizia."

Akanitazama. "Ya kupikia au ya nywele?"

"Ya nywele, mama."

"Kumbe! Nami nasema mkwe wangu siku hizi ananukia."

Akacheka hadi machozi, kisha akakatisha kicheko. "Mafuta nimekusamehe, mwanangu. La jasho langu, nipe siku."

Ijumaa nikampelekea ufunguo mpya kwa mikono miwili. Akaurudisha. "Huo wako." Akafungua pindo la kanga, akatoa ule wa zamani wa sandukuni, akafunga nao mlango wa gari, akaufungua tena. Nilikuwa nimesahau kabisa: vitasa vya milango sikuvigusa! Tangu siku ile milango anafunga mwenyewe, anafungua mwenyewe. Mimi nina ufunguo wa kuwasha gari nisiloweza kuliingia.

Basi ndugu yangu, swichi ikigoma, isafishe, usiipake. Ukishika nyundo kabla ya jua kupanda, iweke chini kwanza unywe chai. Na ukishavunja, sema umevunja hapohapo, nyundo ikiwa bado mkononi. Uongo wangu ulikuwa wa sentensi mbili tu, na tazama!

Haya naandika kwenye simu, nimeegemea mlango wa gari. Mama yupo barazani, ananitazama, anatabasamu. Fundo bado hajaligusa.