Nani Atapokea Neno la Mgonjwa?

Mwezi wa nane mwaka 1998, treni ya kusini iliacha kufika Kindu. Mume wangu alikuwa fundi katika treni ya mwisho iliyoondoka hapa, na mpaka leo hakuna mtu aliyeniletea habari yake. Nilingoja mpaka unga wa muhogo ulipokwisha nyumbani, kisha nikaenda hospitalini kuomba kazi. Nilikuwa nimesoma hadi mwaka wa pili wa sekondari. Walinipa ndoo, kitambaa na aproni ya buluu, wakaniita aide, yaani msaidizi wa wauguzi: yule anayeosha wagonjwa, anayebadilisha mashuka na kumwaga uchafu.

Siku ile ya kwanza nilipelekwa pavilioni, yaani wodi, ya wanaume. Mkuu wake alikuwa Masera, mtawa wa kike mrefu, mtu wa Kibombo, mwenye sauti ndogo. Kabla ya saa sita mgonjwa mmoja alikata roho. Muuguzi kijana akatoka mlangoni, akamwambia mama wa marehemu palepale kwenye ngazi kwamba imekwisha. Mama yule alianguka akaumia kichwa, ikabidi naye tumlaze. Masera hakumgombeza muuguzi mbele ya watu. Alituita wote katika chumba cha mashuka.

“Neno halipewi muntu amesimama,” alimwambia. “Akianguka utamushika na nini? Na ile mudomo yako?”

Tulicheka, hata yule muuguzi. Lakini hakuna aliyesahau.

Ninyi vijana mnaovaa blauzi nyeupe leo, mnafundishwa mambo haya darasani. Sisi tulijifunza kwa kumfuata Masera. Kila mgonjwa alikuwa na garde-malade wake, yaani ndugu anayelala chini ya kitanda chake, anayempikia uani na kumfulia. Huyo ndiye aliyejua yote: mgonjwa amekula nini, amelala namna gani, ameota nini. Lakini si yeye aliyepewa neno. Neno, kama tulivyoliita, yaani habari kwamba dawa zimeshindwa, lilipelekwa kwa mkubwa wa jamaa: baba, au ndugu wa baba, au kaka wa kwanza. Aliitwa hata kama alikuwa mbali. Akifika, Masera alimketisha, akamwacha apumzike, kisha akamwuliza swali moja: “Mugonjwa wenu, weye unamuona namna gani?” Mara nyingi mkubwa alisema mwenyewe yote tuliyotaka kumwambia. Masera aliongeza tu pale alipoachia. Hakutaja idadi ya siku, wala hakusema Mungu atasaidia kisha akainuka kwenda zake. Aliketi mpaka mkubwa mwenyewe ainuke.

Daktari mkuu wa wakati ule alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka. Alisema Masera anapoteza asubuhi nzima kwa sentensi moja. Masera alimjibu kwamba sentensi yenyewe ni ya daktari. Yeye anaipika tu ili imezwe.

Kisha vita vilivyosimamisha treni vikafunga na njia nyingine, na utaratibu wetu ukaanza kukosa watu. Wakubwa wa jamaa walikuwa msituni, au wamekufa, au wako upande ambao barua haifiki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Kikuni.

Alikuwa mkulima wa Pangi, ng’ambo ya mto. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji. Daktari aliyatoa, yakarudi, akayatoa tena. Mke wake, Mama Feza, ndiye aliyekuwa garde-malade. Vijana wao walikuwa wamekwama Kampene, na mdogo mmoja wa Mzee aliyebaki alikuwa amekimbilia huko Punia. Daktari alipoona hakuna la kufanya, alisema mke aambiwe, basi. Masera akamwita Mama Feza chumba cha mashuka, akamwekea kiti. Mama Feza alikataa kukaa.

“Masera, miye ni wa kuolewa tu,” alisema. “Nikipokea neno peke yangu, wenyewe watasema nilimuua, ao nililificha. Watanifukuza na wajukuu wangu. Utafute mukubwa.”

Na mkubwa hakuwepo. Jambo jingine lilikuwa mto. Askari walioshika kivuko walikuwa wametoa amri kwamba maiti haivuki. Anayevuka ni aliye hai tu, mwenye afya au mgonjwa. Mzee akifia kwetu angezikwa upande huu, na Mama Feza angerudi Pangi mikono mitupu, mbele ya watu watakaomwuliza mtu wao amemwacha wapi. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu apokee neno mapema, akiwa na haki ya kuamua, ili mgonjwa avuke angali hai. Tuliuliza sokoni, tukauliza kanisani, tukauliza wapiga makasia kama kuna mtu wa jamaa ile mjini. Hakupatikana.

Asubuhi moja nilikuwa namwosha Mzee mgongo. Aliniuliza tunamtafuta nani, maana kila anayeingia ananong’ona na mke wake. Sikujua kudanganya, nikamwambia tunamtafuta mkubwa wa jamaa yao.

Alicheka mpaka akakohoa. “Baba alikufa. Kaka alikufa. Mukubwa njo miye! Muko munanizunguka kama kuku inatafuta fasi ya kutaga, na miye niko hapa.”

Niliacha maji, nikaenda kumweleza Masera. Katika kazi yake yote hakuwahi kumpa mgonjwa neno lake mwenyewe. Tulifundishwa kwamba kufanya hivyo ni kumvunja. Lakini akanawa mikono, akachukua kiti, akaketi karibu na kitanda.

“Mukubwa,” alisema, “tunakuja kwako juu ya mugonjwa wenu. Unamuona namna gani?”

Mzee alijinyoosha kidogo. Alijibu kama anayezungumzia mtu aliyelala chumba cha pili.

“Namuona amechoka. Mayi inarudia mu tumbo. Chakula haipite tena.”

“Sisi vilevile tunaona hivyo. Dawa yetu imefika mwisho.”

“Anaweza kuvuka muto?”

“Kesho anaweza,” alisema Masera. “Kesho kutwa, sijui.”

Mzee akaomba garde-malade wote wa chumba kile wasogee, wawe mashahidi, na mimi pia. Akamwita mke wake.

“Feza, neno nimelipokea miye. Weye haukupokea kitu. Wakikuuliza, uwaambie mukubwa alipokea mwenyewe, na watu hawa walisikia. Sasa funga vitu.”

Mama Feza alianza kufunga sufuria. Alikuwa analia, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi.

Asubuhi iliyofuata tulimshusha kwa machela hadi mtoni. Alitaka aketishwe ndani ya mtumbwi, nikamwegemeza kwenye gunia la muhogo. Askari akainama kumtazama, akauliza kama yule si maiti.

“Maiti gani inakuomba tumbako?” alisema Mzee.

Askari alicheka, akapapasa mfuko wake, akampa. Mtumbwi ukaondoka. Baadaye tulisikia kwamba alifika kijijini kwake, akaishi siku kadhaa kati ya watu wake, akazikwa kwao.

Nimestaafu sasa. Masera amekufa, na wale mashahidi wa chumba kile wametawanyika. Nikienda hospitalini kumwona jirani, naona muuguzi ameshika simu, na mtoto aliye Goma amejua kabla ya mama aliyekaa kando ya kitanda. Sisemi ni vibaya. Kama kungekuwa na simu, labda mtu angenipigia habari za treni ile, na hata kama angeniambia nikiwa nimesimama ningemshukuru. Lakini huwa najiuliza, yule aliye kitandani anaulizwa na nani.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, mzee mmoja alibisha kwangu. Alikuwa yule mdogo wake Mzee Kikuni, aliyekimbilia Punia. Alioa huko, akachimba madini, akakaa miaka yote hii, na sasa amerudi kwao kuzeeka. Alikuwa amekuta Mama Feza ndani ya kiwanja cha kaka yake, akamwambia atoke mpaka ijulikane kaka alikufa vipi. Mama Feza alimwambia aje Kindu anitafute mimi.

Nilimpa kiti na chai, nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Mwishoni aliuliza, “Na miye? Aliuliza habari yangu?”

Nilitamani sana kumwambia ndiyo.

“Hapana, baba,” nilisema. “Sikumusikia. Aliuliza muto tu.”

Alitikisa kichwa mara nyingi. Akamaliza chai yake, akasema mwanamke yule abaki katika kiwanja chake, na kwamba atamwambia yeye mwenyewe, kwa sababu walikuja pamoja na amemwacha kando ya mto. Akaniuliza njia ya mkato ya kushuka huko. Nikamwonyesha.