Sehemu ya Mlango Niliyoifuta

Hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi, wananiita Profesa, na sekondari sikuimaliza. Jina hilo nililipata kwa sababu ya Soliveni. Kama huijui Soliveni, basi hukuwahi kukaa mbele ya televisheni Kolwezi. Ni ile filamu ya chombo kinachozunguka kati ya nyota tangu wazazi wetu wangali vijana, sehemu mia tatu na kumi na mbili, zote zimebandikwa Kifaransa, midomo inakwenda huku na maneno yanakwenda kule. Nina kibanda karibu na soko. Watu wananiletea flashi zao, ninawajazia filamu. Na anayechukua Soliveni kwangu anaichukua pamoja na maoni yangu, apende asipende.

Maoni ninayo tele. Msimu wa kwanza ndio bora, ingawa kuta za chombo ni katoni na zinatikisika mtu akifunga mlango kwa nguvu. Msimu wa nne una ile sayari inayonyesha mvua ya vioo; nimeitazama mara kumi na moja na bado mwili unanisisimka. Msimu wa tisa walimwondoa kapteni wetu, wakaweka mwanamume mwenye meno mengi, nami nikasusa miezi miwili mizima, kana kwamba wenye filamu walikuwa na habari. Sehemu ya roboti anayejifunza kulia ni upuuzi mtupu. Na ile ambamo wanachimba madini kwenye mwezi mwekundu, wachimbaji wa hapa huja kibandani kuitazama kwa ajili ya kucheka tu.

"Uyu hakushikaka beshi hata siku moya," husema Merdi, ambaye yeye na koleo la kuchimbia hawaachani tangu akiwa na miaka kumi na saba. "Ona mikono yake. Mikono ya padri."

Sasa, flashi za watu ni ndogo, na ordinateur yangu, yaani kompyuta, imejaa mpaka pomoni. Basi niliweka utaratibu wangu. Sehemu nzuri nakujazia. Sehemu mbaya naifuta kabisa, halafu unakaa kwenye benchi nikuhadithie kwa mdomo, dakika tano, bure. Watu waliuzoea. Wengine walisema hadithi yangu inaishinda filamu yenyewe, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivimba. Nani aliyenipa kazi ya kuamua kipi watu wakione na kipi wasikione? Hakuna. Nilijipa mwenyewe.

Kati ya wateja wangu, mmoja tu ndiye niliyekuwa nikimwachia kiti changu: mzee wetu, tata Ngoy. Alikuwa fundi umeme wa kampuni ya madini hadi kampuni ilipoacha kuwahitaji mafundi umeme. Anakaa safu ya tatu, kwenye nyumba ileile ya kampuni, anayoipaka chokaa kila karibu na Noeli. Mfukoni mwa shati hana budi kuwa na vitu viwili, kalamu na bisibisi ya kupimia umeme, hata Jumapili kanisani. Alikuwa ameianza Soliveni upya kutoka sehemu ya kwanza, yeye na mke wake mama Micheline, na kila Jumamosi alirudi na flashi yake kuja kubishana nami. Yule roboti anayelia alimpenda.

"Profesa, weye uko na haraka," aliniambia. "Unataka bapigane tu. Mutu akilia, unaona ni kupoteza wakati."

Nilicheka. Leo nikilikumbuka neno hilo sicheki.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka alikuja asubuhi. Kwenye benchi alikuwapo Merdi na wenzake wawili wakingoja zamu.

"Natafuta ile ya mulango," alisema tata Ngoy. "Musimu wa tano. Fundi Oram eko mu chumba ya mashini, amejifungia. Rafiki yake Teyo anapiga hodi."

Niliijua. Teyo amepata ugonjwa wa kuambukiza, wanataka kumshusha kutoka chomboni, naye anakwenda kugonga kwa rafiki yake. Anagonga, anagonga. Niliitazama dakika ishirini, nikapiga miayo, nikaifuta.

"Tata, ile ni bure kabisa. Mutu anapiga mulango sehemu muzima. Hakuna hata bunduki moya. Niliifuta."

"Lakini uliiona yote?"

Benchi zima lilikuwa linanitazama. Profesa wa Soliveni atasemaje kwamba hakuitazama yote?

"Yote, tata."

"Basi nihadithie mwisho wake. Kuko mutu alisema niione kwanza, kiisha nimupigie telefone."

Mtu huyo alikuwa nani, sikuuliza. Nilikuja kujua baadaye, lakini wewe ni afadhali ujue sasa, ili unipime vizuri.

Aliitwa Kabeya. Yeye na tata Ngoy walianza kazi mwaka mmoja, karakana moja, na nyumba zao zilitazamana. Jumapili alasiri walikwenda pamoja kwenye ukumbi wa wafanyakazi, ambako kulikuwa na televisheni kubwa, kutazama Soliveni. Ukaja mwaka wa tisini na tatu, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipoambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapahapa na wasioijua Kasai kwa macho. Jumapili ya mwisho ukumbini ilikuwa ya sehemu hiyo ya mlango. Haikufika mwisho. Vijana wenye fimbo walikuwa wanajikusanya nje, msimamizi akazima televisheni, kila mtu akakimbilia kwake.

Siku tatu baadaye, saa sita mchana, Kabeya alivuka barabara akagonga mlango wa tata Ngoy. Mke na watoto wa Kabeya walikuwa wameshatangulia kwa gari moshi. Tata Ngoy alikuwa ndani, amesimama nyuma ya mlango, na hakufungua. Kabeya akagonga mara tatu, akaondoka.

Miaka thelathini ikapita. Halafu mjukuu wa Kabeya, kijana anayeitwa Gael, akampata tata Ngoy kwa njia ya simu, na wale wazee wawili wakaanza kuongea, yeye Kolwezi na mwenzake Mbuji-Mayi, huko Kasai. Waliongea habari ya Soliveni tu. Nani kapteni bora, sayari gani ilikuwa ya uongo. Habari ya mlango hakuna aliyeigusa, hadi Pasaka hii tata Ngoy alipojikaza akasema, "Kabeya, kuko kitu nataka kukuuliza juu ya siku ile." Kabeya akamkata. Akamwambia: ile sehemu waliyotuzimia, mimi niliuona mwisho wake huku. Uitafute. Ukiisha kuiona nipigie, ile njo jibu yangu.

Hilo ndilo jibu alilokuja kulitafuta kwangu, pamoja na flashi yake na bisibisi mfukoni.

Na mimi nikaitunga. Ulimi hauna mfupa. Nilijua benchi linapenda nini, nikalipatia. Nikasema Oram anakataa kufungua hadi mwisho. Nikasema Teyo anautemea mlango mate, halafu nikabadilisha sauti, nikamfanya Teyo anguruma: "Kaa umo mpaka ufwe. Mi sina rafiki tena." Nikasema taa zinazimika, muziki, basi. Merdi alinipigia makofi.

"Alisema vile?" tata Ngoy aliuliza. "Hana rafiki tena?"

"Vilevile, tata."

Alisema aksanti. Hakubisha. Ilikuwa mara ya kwanza aondoke kibandani bila kubisha, na mimi nikaona ni heshima.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Nilijiambia amekwenda shambani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifika Agosti. Siku hiyo mama Micheline alikuja kibandani peke yake, akakaa kwenye benchi, akaniuliza polepole.

"Dimitri, ulimuambia bwana yangu filamu gani?"

Ni yeye aliyenieleza yote haya niliyokueleza. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Anasema jibu ya Kabeya alishaipata. Telefone iko pa meza tangu Pasaka, hataki kuigusa. Kule kwa Kabeya banapiga, anaiacha inalia. Chakula anakula kidogo tu. Na siku ile ya mulango, mi njo nilimushika mukono. Nilimuambia usifungue, batoto beko batatu mu nyumba. Yeye alikuwa anataka kufungua, Dimitri. Mi njo nilimukataza."

Palepale ningeweza kusema. Sentensi moja tu: mama, nilidanganya. Nikasema nitaangalia vizuri kwenye ordinateur. Mwanamke mzima ananifungulia moyo wake, na mimi namjibu habari ya ordinateur.

Kesho yake nilipanda lori hadi Fungurume, kwa Samy, anayeuza diski za zamani sokoni na hafuti kitu, kwa sababu yeye hana maoni. Msimu wa tano alikuwa nao, diski imechakaa lakini inasoma. Nikamwomba aiweke hapohapo. Nikaitazama nimesimama, kwa mara ya kwanza, yote.

Zile dakika ishirini zilikuwa kama nilivyozikumbuka, kugonga na kugonga. Halafu Teyo anaacha kugonga. Anaegemea mlango, anaongea taratibu. Najua uko hapo, anasema, nasikia unavyopumua. Usifungue. Ukifungua watakushusha na wewe pamoja nami, na una watu wako. Sikuja ili unifungulie. Nimekuja kukuaga, nisiondoke bila kukuaga. Kisha anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, hadi kwenye chombo kidogo kinachomngoja. Hakuna muziki. Oram anabaki ameweka paji la uso kwenye chuma.

Samy aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimekaa chini sakafuni, kati ya maboksi yake. Nilikuwa ninamwona tata Ngoy akiniuliza, "Alisema vile?"

Alhamisi alasiri nilikwenda safu ya tatu na diski ya Samy. Tata Ngoy alikuwa sebuleni, amekonda, shati limemzidi. Nilisimama mbele yake mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na diregta wa shule.

"Tata, nilikudanganya. Ile sehemu sikuiona yote. Mwisho niliutunga mu kichwa."

Mama Micheline, aliyekuwa anatoka jikoni, alisimama mlangoni.

"Weka," alisema tata Ngoy.

Niliweka. Walitazama bega kwa bega, na mimi nikawa ninautazama ukuta. Teyo alipoanza kuongea, mama Micheline alimshika mumewe mkono, na nikasikia tata Ngoy anatoa pumzi ndefu. Ilipokwisha alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Alikuya kuniaga," alisema. "Miaka yote hii. Mi nilifikiri alikuya kuniomba." Kisha akamgeukia mkewe. "Nipatie telefone."

Aliyepokea alikuwa Gael, mjukuu. Sauti ilikuwa wazi, tukamsikia sote. Alisema kwa Kifaransa kwamba babu yupo, lakini hawezi kusema tena. Tangu tarehe ishirini Julai upande mmoja wa mwili umelala, na ulimi pamoja nao. Anasikia vizuri. Kabla ya hapo, alisema Gael, kila Jumapili baada ya misa alikuwa anauliza kama Kolwezi wamepiga. Mara nyingine aliwaagiza wao wapige, lakini hakuna aliyepokea. Akasema anamwekea babu simu sikioni.

"Kabeya," alisema tata Ngoy. "Ni mi. Nilikuwa mu nyumba siku ile. Nilikuwa nyuma ya mulango. Nilikusikia."

Akanyamaza, kama anavyonyamaza mtu anayengoja zamu ya mwenzake. Zamu haikuja. Akaendelea, akamwambia habari ya watoto watatu, ya mke, ya nyumba ya Kabeya ilivyokaa tupu na alivyoshindwa kuitazama. Akamwambia mwisho ameuona leo. Kila mara alisimama kidogo akingoja.

Alipomaliza alishusha simu lakini hakuikata. Hakupandisha sauti.

"Toka Pasaka mpaka Julai alikuwa anaweza kusema," aliniambia. "Miezi mitatu. Mi ningemusikia."

Akaninyoshea simu.

"Sasa weye muambie. Muambie ju ya nini sikupiga. Nikimuambia mi, atafikiri ni mi nilikataa."

Niliichukua.

"Tata Kabeya," nilisema, "mi naitwa Dimitri. Najazaka bantu bafilm pa Kapata. Tata Ngoy alikuya kuniuliza mwisho. Sikuujua. Nikatunga mwisho mubaya, na yeye akafikiri ni weye unasema vile. Tata Ngoy hakukukataa. Ni mi nilifunga mulango."

Nikasikiliza. Palikuwa na pumzi tu, nzito, inapanda na kushuka. Nilitaka anitukane. Ningempa chochote anitukane.

Kisha ikaja sauti ya Gael, ya upole, kutoka mbali kidogo.

"Anakusikia. Endelea."

Nikamrudia yaleyale, tangu mwanzo.