Mukanda wa Bahati

Mama Fatouma alifika Makomeno, mutaa wetu wa Lubumbashi, miaka kumi na mbili iliyopita, akimufuata bwana yake Souleymane, mutu wa Afrika ya Mangaribi anayeuza vikwembe, vitambaa vya wanawake kujifunga. Ukuta mumoja tu unatenga nyumba yao na yangu. Kiswahili nilimufundisha mimi: chumvi, makala, majani ya sombe, namna ya kukataa bei. Nilisoma kwa Masista mpaka mwaka wa tano, na hata leo, kwenye avenue yetu, mutu akipata barua ananiletea nimusomee.

Mutoto wake wa kwanza alifia tumboni, baada ya siku mbili za uchungu. Muzalishaji alitoka akaniuliza kama Fatouma aliungua na moto alipokuwa mudogo, maana pale chini palikuwa na kovu gumu lisilofunguka. Nikasema sijui, na mwenyewe sikumuuliza. Mimi si mutu wa kuuliza mambo ya chini ya kikwembe. Wa pili walimutoa kwa kumupasua mama. Akawa binti, nikamuita Bahati, na jina likabaki.

Fatouma alipoingia choo alikawia, na wapangaji tunaotumia choo kimoja walimutania: "Mama Bahati, unasoma gazeti kule?" Alicheka nao. Kila mwezi alilala siku tatu, tumbo limefungwa kitambaa. Sisi tulisema ni malaria.

Bahati alipofika miaka saba, mwanzo wa likizo, Fatouma alinikuta nikimenya mihogo.

"Mama Laurentine, dada ya Souleymane anatuma tike ya ndege. Banataka Bahati aende kule kwetu, bamuingize mu mukanda."

Mukanda, kwangu, ni karatasi: barua, kitabu, cheti cha kuzaliwa. Nikafikiri wanataka kumwandikisha mutoto kwao.

"Muzuri sana! Mutoto bila mukanda iko muntu gani? Aende. Weye haukupata wako?"

"Nilipata. Nilikuwa na miaka sita."

"Shi unaona? Na haukufa."

Kisha akasimama, akafunga kikwembe chake upya, akaenda.

Siku nane hakukanyaga kwangu. Nikasema ni shughuli za safari. Lakini tangu Godefroid, bwana yangu aliyefanya kazi ya reli, alipokufa, sauti ya Fatouma ndiyo iliyonisalimia kila asubuhi, na nyumba ilikuwa kubwa bila hiyo.

Siku ya tisa nikajisifu kwa Mama Chola, mutu wa kabila la Walunda kutoka Kasaji, anayeuza tomati: "Bahati anaenda kupata mukanda kwao!"

Chola akaacha kupanga mafungu yake. "Mukanda? Bahati si mutoto mwanamuke? Kwetu mukanda njo kule mu pori, banatahiri batoto banaume." Akajishika mudomo. "Mama weee! Mama Bahati aliniuliza: kukata batoto, banaitaka namna gani? Nikamuambia, mukanda. Nikawaza anataka tu kujua mambo ya kwetu."

Lile kovu, kile choo, zile siku tatu za kila mwezi, vyote vikanijia kwa pamoja.

Nilimukuta Fatouma akikunja nguo za mutoto ndani ya valizi.

"Mama Bahati, miye nilisikia karatasi."

Akakaa chini. "Banamuke bane balitushika, miye na mudogo wangu, asubuhi moja, wembe moja. Yeye alitoka damu mpaka jioni. Bakamuzika. Bakasema Mungu alimuita. Haikuwa Mungu, mama. Nilimuona mwenye alishika wembe." Akapapasa kifuniko cha valizi. "Nilikuja kwako nikisema, ule mama alisoma, atanikataza. Weye ukasema aende."

Sikujitetea. "Mwambie Souleymane."

"Ile mambo haiambiwe mwanaume."

"Mwambie juu ya nini mutoto wa kwanza alikufa."

Souleymane alirudi kula saa sita. Nilisimama karibu na ukuta, upande wangu, na sioni haya kulisema. Lugha yao siijui. Nilisikia sauti ya Fatouma peke yake, muda murefu. Bwana yake akatoka, akakaa mulangoni pao, akaniona.

"Mama Laurentine," akaniambia, "nilifikiri banamuke bote banaumia vile."

Jioni, kama Fatouma alivyonisimulia kesho yake, Souleymane alimupigia dada yake simu: Bahati haendi. Dada akasema ni dini. Souleymane akamujibu kwamba Waislamu wa Maniema anaosali nao hawakati binti zao. Dada akakata simu, kisha akawapigia wanawake wote wa kwao walioko hapa Lubumbashi. Toka siku ile hakuna hata mumoja aliyepita kwa Fatouma. Wakizaa, hawamwiti. Wakikutana naye sokoni, wanageukia mizigo yao.

Ikafika sikukuu ya kumaliza mufungo. Fatouma alipika wali na nyama ya kondoo ya kutosha watu makumi matatu, akatandika mikeka uani. Ndugu wa Souleymane walioko hapa mujini walimukaribisha yeye tu, bila bibi yake, na akabaki huko. Kufika saa tisa, kwenye mikeka tulikuwa sisi wawili, na Bahati akila mufupa.

"Unajuta?" nikamuuliza.

"Hapana. Mutoto wangu iko muzima." Akafukuza inzi juu ya sinia. "Lakini minabaki miye moja."

"Niko hapa."

"Uko hapa, mama. Kisha utarudi kwako."

Wali ulipopoa, nilirudi kwangu.